Una bastola ya leseni, uko mall, watu wameanza kumimina risasi. Utafanyaje? (Uzi wa kubishana kistaarabu)

BinKisauni (mleta uzi)

Habari za saa hizi wakuu. Kila ikisambaa video ya mtu kaingia sehemu anapiga watu risasi, lazima kwenye grupu atokee mwamba aandike "ningekuwepo na chuma changu angenijua", na watu wanamgongea laiki. Mi chuma ninacho, leseni ninayo hapa Nairobi kwa sababu ya biashara ya keshi, renji ya kulenga shabaha naenda, na nachotaka kusema ni hiki: siku ya tukio, ukishachomoa bastola, shida yako kubwa ni nani mle ndani anajua kwamba we ni mtu mwema. Kulenga kunafundishika. Kujulikana hakuna renji inafundisha.

Tuchukue Westgate, ile mall ya Nairobi, maana hiyo ni yetu. Tarehe 21 Septemba 2013, Jumamosi mchana, mall imejaa, juu kwenye paking kuna mashindano ya watoto kupika. Wanaingia watu wanne wana AK-47 na maguruneti. Wanne tu wakuu, na mpaka inaisha siku ya nne wameshakufa watu 67 ukiwatoa hao magaidi wenyewe. Polisi mwanzoni walidhani ni ujambazi wa kawaida, kwa hiyo waliowahi kuingia ni askari wachache waliovaa kiraia na raia wenye leseni, kati yao Wahindi wa mitaa ya jirani ambao walikuwa na vikundi vyao vya ulinzi wa mtaa tangu zamani, watu wamekuja na bastola kiunoni na tisheti. Humo ndimo alikuwemo Abdul Haji, kapata meseji ya kaka yake aliyenasa ndani, akaenda na bastola yake. Ile picha iliyozunguka dunia nzima, katoto ka kike ka miaka minne kanamkimbilia mwanaume ameshika bastola, yule mwanaume ndo yeye, na miaka ya mbele akaja kuwa seneta wa Garissa.

Angalieni wale jamaa walifanya nini lakini. Bastola dhidi ya AK haisogei mbele. Kazi yao kubwa ilikuwa kutoa watu, huyu analinda kona, yule anaingia dukani kuita waliojificha, wanasindikizwa mpaka nje kwa watu wa Red Cross, wanarudi tena ndani. Adui wakimwona wanampiga, wasipomwona hawamfuati huko aliko. Na walikuwa wanatembea wawili watatu wanaojuana, au wanajuana palepale kwa kuitana, maana kila ukikunja kona unakutana na mwingine ameshika bastola kavaa kiraia na una nusu sekunde ya kuamua huyu nani.

Halafu alasiri jeshi likaingia. Recce wa GSU, kikosi maalum cha polisi, walikuwa wameshaingia kabla, mawasiliano kati yao na jeshi hamna, kamanda wa Recce akapigwa risasi na upande wake mwenyewe akafa, Recce wakajitoa, magaidi wakapata nafasi ya kupumua. Hao ni watu wa serikali, wana redio, wana mafunzo ya miaka. Sasa we na jinzi yako na jezi ya Arsenal utatambulika na nani?

Karibuni tubishane, matusi hapana.

---

kobe_wa_tegeta

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu 😂

---

Fundi Mkuu wa Buza

Mkuu uzi mzuri ila umejipinga mwenyewe. Hao raia wa Westgate wasingekuwa na bastola wangetoa watu na nini, na viganja? Watu wametoka hai kwa sababu kuna wananchi walikuwa na chuma wakati serikali bado inauliza kama ni majambazi. Na huku kwetu tumeona, Agosti 25 2021, yule Hamza pale karibu na ubalozi wa Ufaransa Dar, mtu mmoja, kaua polisi watatu na gadi mmoja wa kampuni, bunduki kawanyang'anya haohao polisi, anatembea barabarani kama anaenda sokoni. Raia tulikuwa tunafanya nini? Tunarekodi. Watu wako kwenye balkoni, wengine wamesimama barabarani kabisa na simu, mtu anapita na bunduki we unatafuta angle nzuri. Angekuwepo hata raia mmoja mwenye silaha na roho ngumu pengine stori ingekuwa nyingine. Nyie wenye leseni msituletee woga wenu hapa mkauita hekima.

---

BinKisauni

@Fundi Mkuu sijapinga bastola, napinga sinema. Ila mfano wako wa Hamza umenisaidia, asante. Vaa viatu vya polisi aliyefika pale dakika ya tano. Ameambiwa kuna mtu kavaa kiraia ana bunduki anaua askari. Anafika anamkuta mtu kavaa kiraia ana bastola, ambaye ni wewe shujaa. Atakuuliza leseni?

Na huku kwetu polisi wala sio wa kwanza kukuogopesha, kuna wananchi wenye hasira. Mtu kashika bastola mtaani watu wanakimbia, akatokea mmoja akapiga kelele "mwizi!", wale waliokuwa wanakimbia wanageuka, tena wakiwa na mawe. Hili vitabu vya Wamarekani hawaliandiki kwa sababu kwao halipo ila Mwafrika mwenzangu unalijua vizuri sana.

Hapo kwenye kurekodi niko na wewe asilimia mia. Mlio wa kwanza mtu anasema transfoma imelipuka, wa pili anasema labda baruti za harusi, wa tatu anasogea aone. Maandalizi namba moja kwa Mswahili ni kuacha umbea, ukisikia mlio usioelewa geuka uende kinyume, ukikuta ilikuwa transfoma utarudi.

---

Mswahili wa Houston

Ndugu zangu salaam kutoka Texas. Huku tangu Septemba 2021 mtu mzima ambaye sheria haijamzuia anabeba bastola bila hata kibali, kwa hiyo haya mambo tunaishi nayo. Nina visa vitatu kisha mtaamua wenyewe.

Cha kwanza kanisani, mji unaitwa White Settlement, Desemba 29 2019. Jamaa kavaa wigi kaingia ibada inaendelea, akasimama na shotgun akaua wawili. Mzee Jack Wilson, miaka 71, akammaliza kwa risasi moja, tukio zima sekunde sita. Watu wa bunduki huku wanaipenda sana hii ila wanaruka sehemu moja. Wilson alikuwa mkufunzi wa silaha, na alikuwa kwenye timu ya ulinzi ya kanisa, yule mwenye wigi walishaanza kumtilia shaka wanamwangalia. Kwenye video unaona waumini wengine nao wanachomoa bastola, ni wengi, na hamna aliyempiga Wilson. Kwanini? Wanamjua! Ni kanisa lao, wanakaa naye kila Jumapili.

Cha pili Arvada, Colorado, Juni 21 2021. Mtu kaua polisi, raia mmoja Johnny Hurley akatoka dukani na bastola yake akampiga muuaji akaanguka. Shujaa kabisa. Halafu akaokota ile bunduki ya muuaji, AR-15. Polisi mwingine anatokea, anaona mtu kashika AR-15, akapiga. Hurley akafa, na yule polisi hakushtakiwa. Kwa hiyo mleta uzi anachosema sio nadharia, mtu mzuri aliyefanya kila kitu sawa kafa kwa sababu ya sekunde chache za kushika kitu kisicho chake.

Cha tatu Indiana, mall ya Greenwood, Julai 17 2022, kijana wa miaka 22 Elisjsha Dicken, bastola ya 9mm, umbali kama mita 36, kapiga risasi kumi nane zimempata, sekunde 15 tu tangu yule aanze. Hata hivyo watu watatu walishakufa. Polisi wenyewe walisema huku anapiga alikuwa anawaashiria watu watoke kwa nyuma yake. Hana mafunzo ya jeshi wala polisi. Kwa hiyo inawezekana, sitaki kudanganya watu.

Ila FBI walichambua matukio 160 ya aina hii Marekani, ya 2000 mpaka 2013. Yaliyoisha kwa mtu mwenye silaha asiye polisi kurushiana risasi na muuaji ni 5. Yaliyoisha kwa watu wasio na silaha kumrukia na kumkaba ni 21. Mnaelewa hiyo? Mara nne zaidi. Humo kuna walimu na wanafunzi.

---

Fundi Mkuu wa Buza

Sawa 21 wamekaba, ila huyo mwenye AK anayeua huku anatembea we utamkaba vipi? Huyo ni wa kukabwa au wa kukimbiwa

---

Mswahili wa Houston

Wa kukimbiwa mkuu! Ndo maana jiji letu hilihili la Houston 2012 lilitoa ile video inayofundisha kimbia, jificha, pambana, na mpangilio ni huohuo. Pambana ni pale mlango umefunguka na yeye amesimama hapo na hamna pa kwenda. Hapo sio kistaarabu, ni kiti, ni mtungi wa kuzimia moto, ni watu watano kwa pamoja, mmoja anashika mkono wenye bunduki haachi hata afanyweje. Na mara nyingi inakuwa pale anabadilisha magazini au bunduki imekwama. Christchurch, New Zealand, 2019, msikiti wa Linwood, Abdul Aziz alimfukuza yule muuaji kwa mashine ya kadi na bunduki tupu aliyoiokota, yule jamaa akakimbilia gari yake akaondoka. Mashine ya kadi wakuu.

---

nairoberry_original

Manze hii uzi imeiva. Ile kitu wasee hawasemi ni vile kupata leseni Kenya ni safari, uwe 21 kwenda juu, clearance ya polisi, sababu ya maana, hadi akili yako inapimwa, halafu Desemba 2018 Matiang'i, waziri wa usalama wa wakati huo, akafuta leseni za raia wote akasema kila mtu akaguliwe upya ndani ya siku 90. Shambulizi la hoteli ya Dusit hapa Nairobi likatokea Januari 15 2019, ndani ya hizo siku 90! Magaidi watano, mmoja akajilipua, watu 21 wakakufa. Lakini lazima tuseme ukweli, response ya Dusit na ya Westgate ni mbingu na ardhi. Haikuchukua siku nne, iliisha kesho yake asubuhi, wasee wengi sana walitolewa usiku. Raia wenye leseni walikuwa pale tena, kina Inayat Kassam wale wa kufundisha silaha, lakini hii time polisi walikuwa wanawajua. Kati ya 2013 na 2019 watu walikuwa wamekaa chini wakaongea. Hiyo ndio tofauti mi naona.

---

BinKisauni

@nairoberry hapo umemaliza nusu ya uzi wangu. Wale jamaa wakati wa Dusit hawakuwa wageni tena. Kwa hiyo kama una leseni na unataka kweli kuwa wa msaada, anza kwa kujulikana: OCS (mkuu wa kituo cha polisi) wa eneo lako akujue, walinzi wa jengo lako wakujue sura, wenye leseni wenzako wa mtaa mna grupu na mnajua nani huwa yuko wapi. Hamna raha yoyote kwenye hii kazi, ni vikao na chai, ndo maana watu wanapenda kununua holsta (mfuko wa bastola) mpya.

Na siku ikifika, msimamo wangu ni huu: bastola inabaki ndani ya nguo mpaka huyo mtu awe kati yako na mlango. Ukiwa na watoto ndo kabisa, mkono mmoja una mtoto. Unatoka nao. Shabaha utaipiga Jumamosi renji. Ukilazimika kuitumia na yule kaanguka, ukiona usalama umerudi irudishe ulipoitoa au iweke chini uende mbali nayo, usiokote ya kwake kama marehemu Hurley, polisi wakitokea mikono juu iko mitupu, hata simu achia. Ukiambiwa lala, lala, hata kama umevaa kanzu ya Ijumaa.

---

mwalimu_wa_zamu

Samahanini wakuu mi sina bastola wala sitaki, nafundisha sekondari. Nyie mnaongelea mall sisi tuna Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2 2015, watu 148, wengi wanafunzi, alfajiri wakiwa hosteli na wengine kwenye maombi. Magaidi wanne tena. Walinzi wa getini wakauawa kwanza. Recce walikuwa Nairobi, kuja kuingia ndani ilikuwa jioni, na walipoingia haikuchukua hata nusu saa. Kutwa nzima watoto wapo mle. Niambieni bastola ya mwalimu ingefanya nini.

Mi nikiingia darasani kwangu naangalia vitu viwili. Mlango komeo liko nje na kufuli la nje, maana shule inaogopa wezi wa madawati, kwa ndani hamna hata kitasa. Madirisha yana nondo. Kwa hiyo kujifungia siwezi na kuruka siwezi. Waliofunga hivyo waliwaza mwizi wa usiku, mchana wenye watoto hawakuwaza.

Chuo cha Virginia Tech Marekani 2007 walikufa 32, kuna darasa moja walisukuma meza mlangoni wakalala chini wakaishikilia, muuaji akapiga risasi kupitia mlango akashindwa kuingia, hamna aliyeumia mle. Darasa lingine mzee profesa Librescu akauziba mlango kwa mwili wake huku wanafunzi wanaruka dirishani, yeye akafa wengi wao wakapona. Mlango na dirisha. Hivyo hivyo.

Na Kenya mwongozo wa usalama shuleni wa 2008 ulishasema milango ifunguke kwa nje na madirisha ya bweni yasiwe na nondo, kwa ajili ya moto. Mkuu wa shule ukimwambia habari za magaidi anakuona una mkosi. Mwambie moto, atakusikiliza, maana mabweni yanaungua kila mwaka. Komeo la ndani na dirisha moja la kufunguka fundi wa welding anamaliza siku moja.

---

Fundi Mkuu wa Buza

Mwalimu heshima yako. Hapo kwenye nondo umenigusa maana mi ni fundi kweli na nimefunga nondo shule nyingi, hamna hata moja waliniambia niache dirisha moja la bawaba. Inawezekana, unaweka fremu yenye bawaba na komeo kwa ndani, kwa nje haifunguki. Bei haipishani sana.

---

kobe_wa_tegeta

Karanga zimeisha mada bado tamu. Swali la kijinga, kama umejificha na huna mlango wa kufunga?

---

BinKisauni

Sio la kijinga. Westgate kuna waliopona kwa kujificha stoo za nyuma za maduka na kwenye njia za kupitishia mizigo, wateja wengi hawajui hata kama zipo. Kila duka kubwa lina mlango wa nyuma wa mizigo. Jiko la hoteli lina mlango wa nyuma, hamna mpishi anapitisha gunia la viazi kati ya wateja. Mi siku hizi nikiingia sehemu naangalia wahudumu wanatokea wapi. Simu zima sauti na mtikisiko pia, na nyie mlio nje msimpigie ndugu yenu aliye ndani, mnamuua kwa mapenzi. Mtumie meseji usubiri. Na msiposti polisi wako upande gani, Westgate magaidi wenzao walikuwa wanatwiti huku mambo yanaendelea, na wao wana simu kama nyie.

---

nesi_mstaafu

Watoto wangu mmeongea bunduki mchana kutwa hamna aliyetaja damu. Aliyepigwa mshipa mkubwa wa paja anaweza kuisha ndani ya dakika tano au chini ya hapo, ambulensi ya mji gani itafika hapo na njia imefungwa?

Jeraha la mkono au mguu linalotiririsha, funga kitambaa upande wa kuelekea mwilini, ukiacha kama vidole vitatu vinne hivi kutoka kwenye jeraha, usifunge kwenye goti wala kiwiko. Kaza mpaka damu iache kutoka, atapiga kelele, mwache apige, anayepiga kelele yuko hai. Andika saa uliyofunga, hata kwa lipstiki kwenye paji la uso. Ukishafunga usilegeze, hospitali ndo watalegeza. Jeraha la kwapani au kwenye nyonga halifungiki, hapo unachukua kitambaa unakisokomeza ndani ya kidonda mpaka kijae kabisa, halafu unakandamiza kwa uzito wa mwili wako wala usichungulie kila saa.

Mwenye bastola ya laki kadhaa anashindwa kununua mkanda wa kuzuia damu akauweka kwenye gari? Hata ajali za bodaboda utautumia, tena hizo utazikuta kabla ya hao magaidi wenu.

---

nairoberry_original

Mama amechapa wote 😂😂 kweli lakini, holsta ninayo, ya damu sina. Hiyo training mtu anafanya wapi?

---

BinKisauni

Msalaba Mwekundu wanatoa kozi, St John Ambulance pia, Kenya na Tanzania wapo. Nenda na mkeo, maana siku hiyo anaweza kuwa ni wewe umelala chini.

---

kobe_wa_tegeta

Mama nesi, mkanda wangu wa suruali unatosha?

---

nesi_mstaafu

Wa ngozi haukazi vizuri mwanangu, unateleza na kijiti hakizunguki. Chukua kanga au mtandio, ukunje uwe mpana kama vidole vitatu, zungusha mara mbili, piga fundo, weka kijiti au kijiko cha chuma juu ya fundo, piga fundo lingine juu yake halafu kizungushe kama unakamua nguo. Damu ikikata kifunge kijiti kisirudi nyuma. Kamba nyembamba usitumie, inakata nyama na damu haizuii.